Milimita Kumi na Tisa

Daftari nililishika mimi.
Miaka ishirini na miwili nilipima mafuta ya maziwa
ndani ya jengo hilihili, koti jeupe, kofia nyeupe,
basi wakasema: Leelo, wewe nukta haikupotei,
tutunzie hesabu.

Kiwanda kilifungwa. Ng'ombe wakauzwa.
Vijana wakavuka kwenda Helsinki kupaka rangi nyumba za watu.
Vilivyobaki ni vigae vyeupe hadi darini
na umeme wa fezi tatu.
Kalju alipofungua kisanduku cha swichi alipiga mluzi,
kama mtu aliyekuta noti katika koti la baridi ya mwaka jana.
"Huu peke yake umetuokolea elfu nne."
Nikaandika: elfu nne, hazikutumika.

Ukurasa wa tatu ni wa ugomvi.
Kalju anataka mashine kubwa ya kuchonga mbao,
meza ya mita mbili na nusu,
maana kichwani mwake mna mizinga ya nyuki mia moja.
Kirke, miaka kumi na sita, anataka printa za 3D, nne.
"Nne, si moja. Moja huwa inaumwa."
Mwalimu Endel anataka leza, na anaitamka polepole
kama jina la mtu aliyewahi kumpenda.
Virve hakutaka kitu. Hakuvua hata koti.
Aliuliza tu:
"Na moshi wa hiyo leza, mtaupeleka wapi?"

Hakuna aliyekuwa ameandika moshi.

Nikaandika moshi: feni, bomba, chujio, mia sita na arobaini.
Hapo orodha ikaanza kunenepa upande wa vitu visivyopigwa picha:
kizimamoto, miwani ya macho, sabuni ya grisi,
bima,
funguo tano na majina ya watakaozibeba,
pipa la vumbi, pipa jingine la vumbi,
kahawa.
Virve akaongeza cherehani. Hakuna aliyebisha.
Printa zikapungua zikawa mbili,
na mizinga ya Kalju ikahamia ukurasa ulioandikwa "mwakani".

Leza ilifika Januari, digrii kumi na nane chini ya sifuri,
juu ya foko ya kuazima kutoka kiwanda cha mbao.
Tuliisukuma hadi chini ya dirisha,
Endel akaweka pimamaji juu yake
na kile kiputo cha hewa kikakimbilia pembeni kikakaa huko.

Nikacheka. Nikaona haya pia.
Sakafu ya maziwa haijengwi tambarare.
Hujengwa iinamie shimo, maji ya kuoshea yajiendee yenyewe.
Miaka ishirini na miwili nilifukuza penseli zangu hadi shimo lile,
na katika daftari lote la mipango
sikuandika neno hata moja juu ya sakafu.

Saruji mpya, akasema Kalju, elfu moja na mia moja.
Nilifunua kurasa mbele na nyuma
kama kwamba pesa ni kitu kinachojificha.

Kirke alikuwa amelala kifudifudi, rula mkononi.
Sifuri. Sita. Kumi na tatu. Kumi na tisa.
Akainuka na vumbi la vigae kwenye goti, akawasha printa.
"Plastiki chini ya mzigo huo?" Kalju akauliza.
"Nimeijaza hadi ndani. Si mfupa wa ndege."

Saa tatu tuliketi tukitazama kabari tatu zikiota,
uzi juu ya uzi.
Watu waliotoka dukani waliingia kujipasha moto,
wakauliza tunatengeneza nini.
Tunatengeneza mahali pa kutengenezea, akasema Endel,
nao wakatikisa kichwa kwa adabu, wakabaki.

Kiputo kilirudi katikati.
Niliandika: kabari tatu, senti themanini.
Mguu wa kwanza haukuhitaji kitu.

Virve anashona mapazia sasa, karibu na ukuta.
Kifungo kikimponyoka hahangaiki kukitafuta.
Huniita mimi.
Najua kinakokwenda.